Barua ya wazi kwa Wakurugenzi wa Halmashauri za Nyanda za Juu Kusini: okoeni madaftari ya vikundi vya akina mama

Kwa: Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri, mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe
Nakala: Maafisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya na kata, Watendaji wa Vijiji

YAH: KUNAKILI MADAFTARI YA VIKUNDI VYA WANAWAKE NA KUREKEBISHA FOMU YA MAOMBI YA MKOPO

Ndugu Wakurugenzi, kamwene; na ninyi wa upande wa Rungwe na Busokelo, mugonile.

Ndani ya masanduku ya bati vijijini mwenu mna historia ambayo haikuandikwa mahali pengine popote. Ni madaftari ya vikundi vya akina mama: nani alihudhuria, nani alifiwa, mtoto wa nani alipimwa akakutwa na uzito gani, mbao za jeneza zilitoka kwa nani na kwa shilingi ngapi. Madaftari hayo yanaoza. Mengine huchomwa moto kila mwisho wa mzunguko wa kuweka akiba na kugawana. Na kikundi kinapoandikishwa upya ili kiombe mkopo wa halmashauri, miaka yake yote ya nyuma hutoweka kwenye majalada yenu. Tunaomba mawili: mwelekeze kata zinakili madaftari haya yangali yanasomeka, na muongeze mistari miwili kwenye fomu ya maombi. Hapa chini tunaeleza kwa nini, na namna ya kufanya.

Kusaidiana hakukuletwa na serikali wala mfadhili. Uhehe na Ubena kulikuwa na mgowe: mwenye shamba huandaa pombe na chakula, majirani huja na majembe yao, naye hudaiwa nguvu zake siku ya jirani itakapofika. Mgowe haukuacha karatasi. Karatasi zilikuja na kisomo. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika uliundwa mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, na matawi yake vijijini yakawa na kadi, mihtasari na mashamba ya pamoja. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Zikafuata kampeni za redio: Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975, watu wakikaa kwa vikundi kusikiliza, kujadili na kuamua wachimbe nini au wapande nini. Ukilishika daftari la miaka hiyo, usiangalie maneno peke yake. Angalia mahali pa sahihi. Kurasa za mwanzo zina dole gumba juu ya dole gumba. Mbele kidogo zinaanza herufi kubwa zilizopinda. Kisha jina kamili. Kisomo cha kijiji kizima kimo kwenye ukingo wa kulia wa daftari moja.

Kipindi ambacho tungependa mkisome kwa makini zaidi ni cha lishe. Mwaka 1983 mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, Makete na Ludewa, ulianza mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia. Ulianzia katika vijiji 168. Kila miezi mitatu kulikuwa na siku ya afya ya kijiji: watoto wote wa chini ya miaka mitano wanapimwa uzito, matokeo yanasomwa hadharani, na kijiji kinaamua hatua ya kuchukua. Kadi ilikuwa na rangi tatu. Kijani ni mtoto aliyefikia asilimia 80 na zaidi ya uzito unaotakiwa kwa umri wake. Kijivu ni kati ya 60 na 80. Nyekundu ni chini ya 60. Walioifanya kazi hiyo kwa mikono yao, wakatafuta kuni, wakapika uji, wakawafuata nyumbani mama ambao hawakutokea, walikuwa akina mama wa vikundi.

Kazi hiyo ina ufundi wake, na ufundi huo umeandikwa pembeni mwa madaftari kwa maneno ya wenyewe. Mizani ya kutundika inafungwa kwenye tawi au boriti, na uso wake uwe sawa na macho ya msomaji. Ikifungwa chini sana miguu ya mtoto hugusa ardhi na uzito unapungua. Mshale unarudishwa kwenye sifuri suruali ya kupimia ikiwa tayari imening'inizwa, si kabla. Mizani inajaribiwa asubuhi kwa kitu chenye uzito unaojulikana: lita 5 za maji ni kilo 5, ukijumlisha uzito wa kidumu chenyewe. Kosa kubwa la huku kwetu juu ni baridi. Makete au Mufindi mwezi Julai hakuna mama anayependa kumvua mtoto sweta, na sweta, kofia na soksi za sufu zinaweza kumtoa mtoto wa kijivu zikamwingiza kwenye kijani. Vikundi vilivyokuwa makini vilipimia ndani, kwenye chumba chenye moto, na viliandika "kavaa" au "hajavaa" mbele ya namba. Hakuna ripoti ya mkoa inayoweza kukupa neno hilo moja.

Au chukua kimea. Akina mama wa huku walikijua tangu zamani kwa ajili ya pombe. Waliokitumia kwa uji wa mtoto waliandika hatua zake: loweka ulezi usiku kucha, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu mpaka uchipue, anika ukauke kabisa, fikicha utoe mizizi, saga. Pika uji mzito, uondoe motoni, uache upoe mpaka uweze kuuonja bila kuungua, kisha koroga kijiko cha kimea. Uji unalegea na kuwa mwepesi bila kuongezwa maji, hivyo mtoto mwenye tumbo dogo anapata unga mwingi kwa kikombe kilekile. Baada ya hapo uchemshe tena kidogo. Ukikitia kimea kwenye uji unaotokota, nguvu yake ya kulainisha inakufa na uji unabaki mzito. Hapo ndipo wengi walikata tamaa wakasema kimea hakifai. Na unyevu ukibaki kwenye nafaka iliyochipua, inaota ukungu, haifai tena kwa mtoto.

Tunayasema haya kirefu kwa sababu utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Mkoa huohuo unalima mahindi, maharage, viazi na mbogamboga za kuuza Dar es Salaam. Kila mwaka mnaandaa semina mpya za lishe na vipeperushi vipya. Katika baadhi ya vijiji vyenu, bibi aliyekuwa akishika mizani bado yu hai, na daftari lake liko juu ya dari ya jiko. Tunaumia kuona anaalikwa kwenye semina akae nyuma, afundishwe.

Baada ya lishe ukaja ukimwi. Utafiti wa 2011–12 ulikuta maambukizi ya asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1. Vikundi vya kulima pamoja viligeuka vikundi vya kuuguza na kuzikana. Madaftari ya miaka hiyo ni mazito kuyasoma. Safu ya "michango" inabadilika kutoka mbegu na mbolea kwenda sanda, misumari, mafuta ya taa, nauli ya hospitali, kisha sare za shule za watoto waliobaki. Jina la mwanachama linapigwa mstari, na ukurasa unaofuata jina la binti yake linaingia.

Kisha miaka ya 2000 yakaenea masanduku ya kufuli tatu, yaani VICOBA (benki za jamii vijijini) na vikundi vya hisa. Mpangilio wake mnaujua: funguo tatu kwa watunza funguo watatu ambao hakuna kati yao anayekaa na sanduku, wahesabu fedha wawili, hisa moja hadi tano kila mkutano, mkopo usiozidi mara tatu ya akiba ya mtu, na mwisho wa mzunguko, ambao mara nyingi ni mwaka mmoja, kugawana. Tuchukue mfano. Kikundi kimeuza hisa 4,000 kwa shilingi 2,000 kila moja, na siku ya kuvunja sanduku lina shilingi 9,600,000. Basi kila hisa inapewa 2,400. Baada ya hapo hesabu ya hisa inarudi sifuri, mihuri ya hisa kwenye vitabu vya wanachama inapigwa mistari, na mzunguko mpya unaanza na vitabu vipya. Utaratibu huu ni mzuri kwa fedha, maana deni la zamani halivuki. Kwa kumbukumbu ni msiba. Hapo ndipo vitabu vya zamani huchomwa, au hugeuzwa vya kuwashia moto, kwa kuwa "vimeshamaliza kazi".

Lakini kuna ukurasa mmoja ambao haurudi sifuri: mfuko wa jamii. Fedha hizi ni za maafa na huduma. Hazigawanywi na hisa. Salio lake linahamia mzunguko unaofuata. Ukitaka kujua kikundi kimeifanyia nini jamii yake na kimeanza lini, achana na daftari la hisa, fungua la mfuko wa jamii. Wakaguzi wengi hulipita upesi kwa kuwa kiasi chake ni kidogo. Lipeni uzito wake.

Sasa kuhusu halmashauri zenyewe. Tangu 2018 sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu uangaliwe upya, ikarejeshwa 2024. Ni haki ya wanawake hawa, wala hatuombi ipunguzwe. Tunachoona ni kile ambacho fomu inakifanya bila kukusudia. Inauliza tarehe ya usajili. Kikundi kilichoanza kupima watoto katikati ya miaka ya 1980, kikasajiliwa upya mwaka 2021 kwa jina jipya, mbele ya mtathmini ni kikundi cha juzi. Kinalingana na watu watano waliokutana wiki iliyopita kwa ajili ya fedha tu. Halafu kuna kugawanyika. Akina mama 40 waliokuwa wakizikana hujikata vipande vya watu watano, wanane, kumi, kwa sababu kudhaminiana watu wengi ni kugumu. Mfuko wa jamii unagombaniwa. Bibi wa miaka sabini, ambaye ndiye kumbukumbu ya wote, hachukuliwi na kipande chochote, maana hakuna anayetaka kumdhamini. Mkopo ukiisha kulipwa, au usipolipwa, vipande haviungani tena.

Tunaomba fomu iongezewe mistari miwili: "Mwaka kikundi kilipoanza kazi, kwa jina lolote" na "Huduma kilizotoa kwa jamii, na kurasa za daftari zinazothibitisha". Afisa wa kata azione kurasa hizo kwa macho yake, aweke sahihi. Watu waliochangia jeneza la jirani kwa miaka ishirini bila kushurutishwa wameshaonyesha tabia yao kuhusu deni. Mtathmini wa mkopo atapata wapi ushahidi mzuri kuliko huo? Pia waruhusuni wanachama wa heshima, wazee wasiokopa wala kudhamini, waandikwe kwenye katiba ya kikundi na wabaki na haki ya mfuko wa jamii.

Kuhusu kunakili, kazi si ngumu, lakini ina makosa yake.

Mahali yalipo kwanza. Madaftari ya zamani hukaa juu ya dari ya jiko, ambako moshi unayakausha na mchwa hawayafikii, lakini karatasi inakuwa ya kahawia na kuvunjika kama jani la tumbaku. Au hukaa ndani ya sanduku la bati lililowekwa sakafuni, ambako unyevu wa Rungwe unayala kutoka chini. Au yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na huo ndio mbaya kuliko yote: unyevu uliomo hautoki, ukungu unashika, kurasa zinagandana. Wino wa chupa hutiririka ukilowa; wa peni ya kawaida hustahimili kiasi; penseli haiondoki kwa maji, kwa hiyo namba zenu zote andikeni kwa penseli. Pini na klipu zina kutu, zitolewe taratibu kwa kisu butu. Selotepu ya zamani isibanduliwe, itang'oa maandishi. Wala mpya isibandikwe.

Daftari lililolowa lianikwe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimesimama wazi kama feni. Si juani, maana litajikunja, na pasi isiguse kamwe. Kurasa zilizogandana ziachwe mpaka zikauke, kisha zitenganishwe kwa kisu chembamba cha mfupa au mwanzi kuanzia kwenye kona iliyo imara. Ukungu ufutwe nje ya nyumba kwa brashi laini ya rangi, aliyeshika brashi akiwa amefunga pua na mdomo. Baada ya hapo, bahasha ya kaki, sanduku safi, na sanduku liinuliwe juu ya matofali, sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali na ukuta.

Kupiga picha kunafanywa kwa simu ya kawaida. Meza dirishani, siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali, taa ya simu izimwe kwa sababu inang'arisha karatasi na kufuta penseli. Kwanza namba za kurasa, kwa penseli, kona ya juu. Kisha jalada, hata kama limechanika, kisha kila ukurasa peke yake, simu ikiwa sambamba na karatasi. Kurasa tupu nazo zipigwe, la sivyo msomaji wa baadaye atadhani zimerukwa. Kaunta buku ya kurasa 192 inamalizika asubuhi moja, watu wawili wakishirikiana, mmoja akifunua na mwingine akipiga. Kwa picha ya megabaiti 3 hadi 4, kaunta buku moja inachukua kama megabaiti 700, hivyo kadi ya gigabaiti 64 inabeba zaidi ya kaunta buku 80. Chukueni kadi mbili zenye vitu vilevile: moja ibaki ofisi ya kata, nyingine iende maktaba ya mkoa au, kwa Iringa, Makumbusho ya Boma. Jina la kila faili liwe na kata, kijiji, kikundi, mwaka, ukurasa, kwa mpangilio huo.

Kata moja haihitaji zaidi ya hivi: bahasha za kaki 100, penseli 12, brashi laini 3, kadi 2, sanduku la bati 1, na posho ya siku kumi kwa vijana wawili wanaosoma vizuri mwandiko wa mkono. Daftari lenyewe lisiondoke kijijini. Hili tunalisisitiza, kwa kuwa madaftari mengi mazuri yaliazimwa na miradi iliyopita kwa ajili ya ripoti na hayakurudi. Kama ni lazima lihame kwa siku moja, iandikwe hati ya makabidhiano yenye idadi ya kurasa.

Majina yatawasumbua. Mwanamke mmoja huandikwa "Mama Neema" mwaka huu, jina la ubatizo mwaka ujao, na ubini wa mumewe mwaka wa tatu. Msilinganishe kwa kubahatisha. Kaeni na wazee wawili au watatu pamoja, si mmoja mmoja, muwasomee orodha kwa sauti, watasahihishana. Tarehe nazo zitafutwe kwa matukio, si kwa namba: ilikuwa kabla ya kuhamishiwa vijijini 1974 au baada? Vijana walikuwa vita vya Kagera? Ilikuwa kabla ya kifo cha Sokoine, Aprili 1984? Mvua za El Niño za 1997–98 zilikuta kisima kimeshajengwa? Mwulizeni aliyeshika kalamu, na pia aliyekuwa akipika. Aliyepika anakumbuka idadi ya watoto.

Jambo la mwisho halina mjadala. Madaftari ya wahudumu wa wagonjwa majumbani yana majina ya watu na maradhi yao, na madaftari ya mikopo yana madeni. Nakala za kurasa hizo zisiwekwe mahali mtu yeyote anaweza kuzifungua. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inawabana, na watoto wa waliotajwa bado wanaishi palepale. Zifungwe kwenye bahasha ya peke yake, iandikwe nje ni nani anaruhusiwa na tangu mwaka gani. Kikundi kikikataa ukurasa fulani usipigwe picha, usipigwe.

Wakati mzuri ni Agosti na Septemba. Mavuno yako ndani, barabara za Kilolo, Ludewa na Ileje zinapitika, hewa ni kavu. Mkiagiza mwezi Novemba, kila mtu yuko shambani. Mkiagiza Machi, daftari litalowa njiani kwenda kupigwa picha. Na kama fedha za mwaka huu zinatosha kata moja tu, chagueni ile ambayo katibu wake wa zamani ni mzee kuliko wote, na mfike kwake kabla ya Agosti kumwambia mnakuja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wawezeshaji na makatibu wa vikundi vya akina mama,
Nyanda za Juu Kusini